MAJI MENGI, CHUMVI KIDOGO: kilichompata binamu yangu kwenye mbio za jua kali

Najua nilipotea kidogo, mtanisamehe. Leo sileti siasa wala umbea wa mastaa. Leo tuongelee jasho. Ndiyo, jasho hilohilo linalokutoka ukicheza ndondo saa nane mchana. Kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, soma hii kwanza ndiyo ufungue mambo mengine, manake inaweza kumwokoa mshikaji wako.

Si mnakumbuka Septemba 2025 Alphonce Simbu alivyotutoa kimasomaso kule Tokyo? Alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, mpaka picha ya mstari wa mwisho ndiyo ikaamua. Tangu siku hiyo mtaani kwetu kila mtu ni mkimbiaji. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, naye akanunua raba za mtumba na kujiandikisha mbio za kilomita 21 hapa Dar. Mazoezi yenyewe alifanya wiki tatu tu.

Kila mtu alimpa ushauri mmoja: kunywa maji, jua la Dar siyo mchezo. Na yeye akatii kweli. Asubuhi alimaliza chupa kubwa ya lita moja na nusu kabla hata ya kuanza. Njiani kulikuwa na vituo 8 vya maji, na kila kituo alichukua chupa ya nusu lita akaimaliza. Kukimbia kwenyewe alikimbia kidogo, sehemu kubwa alitembea. Alifika mwisho baada ya saa tatu na dakika ishirini.

Mimi nilikuwa namsubiri pale mwisho. Nilimwona anakuja anapepesuka, uso umevimba kidogo, mkanda wa saa umemkaza mkononi wakati asubuhi ulikuwa unacheza. Anasema kichwa kinamgonga na tumbo linachafuka. Mimi na akili zangu za kidato cha nne nikasema huyu ameishiwa maji. Nikafungua chupa nyingine kubwa, nikambembeleza akanywa karibu nusu. Dakika chache baadaye akatapika, halafu akaanza kuniita kwa jina la kaka yake. Hapo nikaona noma. Tukampakia kwenye bajaji fasta mpaka hospitali.

Daktari aliuliza swali moja tu la kwanza: “Amekunywa maji kiasi gani?” Nikajibu kwa kujiamini, “Mengi sana dokta, tumehakikisha.” Akatikisa kichwa. Akasema, “Kuanzia sasa asipewe hata tone.”

Vipimo vikaja: sodiamu kwenye damu 124. Ya mtu mzima wa kawaida iko kati ya 135 na 145. Wakamwekea dripu yenye chumvi kali, kidogo kidogo, huku wanampima tena na tena. Jioni akaanza kukojoa kama bomba lililopasuka, na akili ikarudi. Shangazi alipofika akauliza, “Na hayo maji ya mwisho nani alimpa?” Nikatazama sakafu.

Wadau, mimi siyo daktari, na baiolojia yenyewe nilipata D. Lakini tangu siku ile nimesoma hili jambo mpaka nimelielewa, na nitawaeleza kwa lugha yetu.

JASHO NI NINI HASA?

Ukifanya mazoezi makali, misuli inatoa joto kama injini ya daladala kwenye foleni. Mwili unajipoza kwa kutoa jasho, na jasho linapokauka kwenye ngozi linaondoka na joto. Dar na pwani yote tuna tatizo la ziada: hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho halikauki vizuri, linadondoka tu chini. Limetoka, lakini halijakupoza sawasawa, na mwili unaendelea kutoa lingine.

Mtu anayejituma kwenye joto anaweza kupoteza nusu lita mpaka lita 2 za jasho kwa saa moja, kutegemea mwili wake na kasi yake. Na jasho siyo maji matupu. Onja mdomo wako baada ya mechi utaelewa. Ndani yake kuna madini haya:

- Sodiamu: hii ndiyo nyingi kuliko zote, na inatoka pamoja na kloraidi. Hizo mbili zikiungana ndiyo chumvi ya mezani. Lita moja ya jasho inabeba sodiamu kati ya nusu gramu na gramu 2 hivi. Ikiwa gramu 1, ni sawa na gramu mbili na nusu za chumvi, karibu nusu kijiko cha chai.
- Potasiamu: kidogo, karibu miligramu 200 kwa lita.
- Kalsiamu na magnesiamu: kidogo zaidi.

Watu hawafanani. Kuna jamaa akivaa fulana nyeusi, baada ya mechi inakuwa na michirizi myeupe kama ramani. Huyo jasho lake lina chumvi nyingi. Mwingine anacheza dakika zilezile na fulana haina alama yoyote.

MFANO WA SUFURIA YA MCHUZI

Hapa ndipo wengi tunachanganya, na mimi nilikuwa wa kwanza. Chukulia damu yako ni mchuzi kwenye sufuria, umeungwa chumvi ikakolea vizuri. Jasho nalo lina chumvi, lakini ni hafifu kuliko ya damu. Kwa hiyo ukitokwa jasho bila kunywa kitu, maji yanaondoka mengi kuliko chumvi, na mchuzi unaobaki sufuriani unazidi kuwa na chumvi. Ubongo unaligundua hilo mapema sana na kupiga kengele. Kengele hiyo ndiyo KIU.

Sasa geuza upande wa pili. Umepoteza jasho lita 2, pamoja na chumvi yake. Halafu unamimina sufuriani lita 6 za maji matupu. Mchuzi unakuwa maji maji. Chumvi imepungua kidogo kwa jasho, lakini kilichoiharibu zaidi ni maji uliyoongeza.

Utasema si nitakojoa hayo ya ziada? Siku ya kawaida, ndiyo. Lakini ukiwa kwenye mazoezi marefu, joto, maumivu na kichefuchefu, ubongo unatoa homoni inayoitwa vasopresini. Kazi yake ni kuziambia figo zishike maji zisiyaachie. Ni akiba nzuri kama uko jangwani bila maji. Lakini kama unapokea chupa kila kituo, bomba la kutolea maji limefungwa na la kuingizia liko wazi. Ndiyo maana binamu hakukojoa kabisa mpaka jioni.

Damu ikishakuwa na chumvi kidogo, maji yanahama kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, na seli zinavimba. Vidole vikivimba siyo balaa, saa itakubana tu. Lakini ubongo umo ndani ya fuvu, hauna pa kuvimbia. Hapo ndipo kinaanza kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, halafu degedege, na watu wamekufa hivyo.

SIYO UZUSHI WA MTAANI

Boston Marathon ya 2002, madaktari waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa 135 au chini ya hapo, na watatu kati yao walifika 120 au chini, hali ya hatari kabisa. Waliopatwa zaidi ni waliokunywa mpaka uzito ukaongezeka wakiwa mbioni, na waliochukua zaidi ya saa nne. Yaani siyo wale wa mbele, ni sisi wa nyuma, tunaotembea na kusimama kila kituo. Na Boston mwezi wa nne haina joto letu. Huku kwetu hofu ya jua inamfanya mtu anywe hata zaidi.

Kuna kisa kingine cha zamani, cha watu wa kazi ngumu. Miaka ya 1930 Marekani walikuwa wanajenga bwawa la Hoover, kwenye jangwa mpakani mwa Nevada na Arizona. Vibarua walikuwa wanakakamaa misuli vibaya kwa joto. Mwaka 1932 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wakaenda hukohuko kuwachunguza. Wakaona tatizo: jamaa wanatokwa jasho siku nzima, maji wanakunywa, lakini chumvi iliyotoka hairudi. Dawa ikawa kurudisha chumvi kwenye chakula.

Kwa hiyo binamu yangu, mbeba zege wa Kariakoo na dereva wa mkokoteni wote wako kwenye hesabu moja. Siyo mambo ya wanamichezo peke yao.

“KULA NDIZI UTAPONA”

Hii nimeisikia tangu shule ya msingi. Misuli ikikaza, ndizi. Tuipigie hesabu. Ndizi mbivu ya wastani ina potasiamu kama miligramu 400. Inatosha kufidia potasiamu ya lita mbili za jasho. Safi. Lakini sodiamu yake ni karibu na sifuri, na sodiamu ndiyo uliyopoteza kwa wingi. Chungwa la hafutaimu ni hivyohivyo. Madafu nayo yana potasiamu nyingi kuliko sodiamu. Unga wa glukosi ambao timu za mtaani tunaulamba kama dawa ni sukari tu, unakupa nguvu lakini haukurudishii chumvi. Vyote ni vizuri, ila vijue kazi yake.

Tena potasiamu ina vituko vyake. Ukiwa unakimbia kwa nguvu, potasiamu ya kwenye damu HAISHUKI, inapanda, kwa sababu inatoka ndani ya misuli inayofanya kazi. Ukipumzika inarudi ndani baada ya dakika chache. Hatari inakuja mtu akijilazimisha kupita kiasi kwenye joto mpaka misuli yenyewe inavunjika. Hapo potasiamu inamwagika kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na uchafu wa misuli unaziba figo. Dalili yake: misuli inauma na kulegea kupita kawaida, mkojo una rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi. Ukiona hivyo usisubiri kesho, nenda hospitali.

Na kukaza misuli dakika ya 85 mara nyingi ni uchovu wa msuli wenyewe, ndiyo maana mtu akinyooshwa mguu anainuka na kuendelea. Usimlishe chumvi kila anayedondoka uwanjani.

MSIJE MKAACHA KUNYWA MAJI

Naomba msininukuu vibaya. Sijasema maji ni mabaya. Kukosa maji kwenye joto nako kunaua. Damu inapungua wingi, moyo unapiga mbio, jasho linashindwa kutosha na joto la mwili linapanda. Likipita nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, hicho ni kiharusi cha joto, dharura kubwa. Doha, usiku wa Septemba 27, 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza saa sita kasoro dakika moja usiku ili kukwepa jua. Bado joto lilipita nyuzi 30 na unyevu ulipita asilimia 70. Walianza 68, wakaacha njiani 28. Mkenya Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2:32:43. Kama mabingwa wa dunia wanaanguka usiku, wewe na mimi saa saba mchana ni akina nani?

Kwa hiyo kuna shimo kulia na shimo kushoto. Njia iko katikati.

SASA TUFANYEJE?

1. Sikiliza kiu. Kunywa ukisikia kiu, acha ikikata. Usinywe kwa sababu kituo kimefika au maji ni ya bure.

2. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi, hata kwa ile mizani ya barabarani. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Kupungua kidogo ni kawaida. UKIONGEZEKA uzito ukiwa mazoezini, umekunywa kupita kiasi.

3. Kama unatokwa jasho jingi kwa zaidi ya saa moja au mbili, rudisha na chumvi. Chakula cha kawaida kinatosha kwa wengi: karanga za chumvi, mihogo na kachumbari, supu, ugali na mboga iliyoungwa. Wa fulana ya michirizi myeupe ndiyo wazingatie zaidi.

4. ORS siyo ya watoto wa kuhara peke yao. Ina sodiamu, potasiamu na glukosi kwa vipimo. Sukari imewekwa kwa sababu: kwenye utumbo kuna mlango unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji yanafuata nyuma. Changanya kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukikosa pakiti, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta siyo vya mlima. Lakini nayo usifakamie, ukiinywa kupita kiasi inazimua damu vilevile.

5. Usimeze chumvi kavu kwa kijiko. Itakutapisha na kukupotezea maji zaidi. Na mwenye presha au tatizo la figo asijiongezee chumvi bila kumwuliza daktari.

6. Zoea joto taratibu. Mwili unahitaji siku 10 mpaka 14 za mazoezi kwenye joto. Ukishazoea, unatoa jasho mapema na kwa wingi, lakini lenye chumvi kidogo, kwa sababu homoni ya aldosteroni inaamuru sodiamu irudishwe kabla jasho halijatoka nje. Aliyetoka Dodoma jana asicheze fainali Dar leo kama mwenyeji.

7. Acha tabia ya kumeza dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki kabla ya mbio. Zinazipa figo kazi ngumu wakati zimeshabanwa.

MTU AKIANGUKA MBELE YAKO

Hapa ndipo nilikosea, kwa hiyo someni vizuri. Mtu akiwa amechoka, ana kiu, mdomo mkavu, anaongea vizuri: mpeleke kivulini, mpe maji au ORS anywe taratibu.

Lakini akiwa ANACHANGANYIKIWA, anatapika mfululizo, ana degedege au haamki, usimlazimishe kunywa chochote. Akiwa wa moto, mpoze hapohapo: mmwagie maji mwilini, mpepee, weka barafu kwapani na shingoni, huku usafiri unatafutwa. Maji ya NJE hayana madhara. Ya ndani muachie daktari. Na ukifika hospitali sema mambo matatu bila kuulizwa: amefanya mazoezi muda gani, amekunywa nini na kiasi gani, na amekojoa au hajakojoa. Kwa macho tu, aliyezidiwa na maji na aliyekosa maji wanaweza kufanana kabisa. Kipimo cha damu ndiyo kinasema.

Binamu yangu yuko fiti. Ameanza tena mazoezi, safari hii taratibu, na kwenye begi ana karanga za chumvi. Amejiandikisha mbio nyingine na ananitania kwamba nisisogee mwisho wa mbio nikiwa na chupa. Shangazi yeye bado hajanisamehe vizuri, kila nikienda kwake ananiuliza kama na yeye nataka kumpa maji.

Wadau, nawasilisha. Wewe ulishawahi kukaza misuli au kuona mtu anazimia kwa jua? Timu yenu mnatumia nini hafutaimu? Tiririka hapo chini kwenye maoni. Na kama kuna daktari au nesi anapita hapa, karibu sana uturekebishe, sisi wengine D ya baiolojia ndiyo imetufikisha hapa.